Ukimya wa Fundi Saa

Kadi ya mwaliko ilipofika, Bi Kumbusha aliisoma mara mbili, akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna maneno zaidi, kisha akaiegemeza juu ya redio. "Mgeni wa heshima," iliandikwa. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, hata kwenye harusi ya mwanawe wa kumzaa, ambako alikalishwa karibu na jenereta.

Heshima hiyo ilitokana na *Fundi Saa*. Tamthilia ile ya nyimbo ilikuwa imeigizwa miaka thelathini na moja iliyopita, mara mia mbili na kumi na nne, na mpaka leo watu waliiimba wakifua. Ilikuwa hadithi ya fundi saa mseja aliyempenda karani wa posta, akawa kila wiki anaiharibu kisirisiri saa ya posta ili aitwe kuitengeneza. Ukumbi ulikuwa na viti mia nne na hamsini. Lakini ukiwasikiliza watu wote wanaoapa kwamba walikuwepo siku ya kwanza, ungedhani ilichezwa kwenye uwanja wa mpira. Sasa ilikuwa inarudi jukwaani, na mji mzima ulikuwa hausemi lingine.

"Dada, safari hii utakaa mbele!" alishangilia mdogo wake, msusi mwenye saluni chini ya ghorofa walimoishi. "Mbele kabisa, na mimi ubavuni pako!"

Pale saluni, mteja mmoja aliyesukwa nusu kichwa alidai kwamba yeye aliiona ile ya kwanza akiwa amepakatwa na mama yake. Msusi alimuuliza mwaka aliozaliwa, akahesabu kwa meno ya chanuo, akakuta mteja alizaliwa miaka minne baadaye. "Basi ulikuwa umepakatwa mbali sana," akamwambia, akaendelea kusuka.

Bi Kumbusha yeye hakuwa na haja ya kuapa. Aliyaona maonyesho yote mia mbili na kumi na nne, ila aliyaona kwa ubavu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, kitabu cha maneno mapajani. Mwigizaji akisahau, amnong'oneze. Ndipo jina lilipomganda. Watazamaji hawakuwahi kumwona, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

Na alikuwa na siri moja.

Katika onyesho la kumi na moja, mwigizaji mkuu, ambaye siku hizi mji mzima ulimwita Nguli, alifika kwenye wimbo mkubwa, "Saa Zote za Mji", akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akafungua mdomo aimbe wa tatu, akakuta mdomoni hamna kitu. Akageuza macho pembeni. Bi Kumbusha akafungua ukurasa, akakuta maneno ya harusi ya mwisho. Akarudisha nyuma, akakuta ugomvi wa sokoni. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa chai ya sukari aliyoimwaga mwenyewe asubuhi ile. Alizibandua kwa ukucha, jasho likimtiririka. Sekunde kumi na mbili zilipita kabla hajapata mstari na kumtupia. Ukumbi mzima ukalia machozi.

Kesho yake gazeti likaandika juu ya "ukimya uliozisimamisha saa zote." Tangu hapo Nguli akawa ananyamaza pale pale kila siku, kwa kukusudia, na akaendelea kunyamaza maisha yake yote. Alihojiwa juu ya ule ukimya. Alipewa nishani ya ule ukimya. Aliendesha warsha ya siku mbili iitwayo Sanaa ya Kunyamaza, na mle ndani hakufunga mdomo hata dakika moja. Kwa ufupi, ni mtu aliyeishi miaka thelathini kwa sekunde kumi na mbili. Bi Kumbusha hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Jumamosi saa tisa alasiri, dada na mdogo mtu walikaa safu ya tatu, katikati. Nguli alikuwa upande wa kulia wa Bi Kumbusha, suti nyeupe, mkononi bakora asiyoihitaji, akipokea salamu kama bwana harusi.

"Bi Kumbusha! Bado uko hai?"

"Najikongoja, kaka. Na wewe?"

"Mimi? Wanasema mti mkavu haupigi kelele," alisema Nguli, akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyelisikia neno hilo na kuliandika.

Mwongozaji mpya akatoka kuwakaribisha. Alikuwa bwana wa miwani ya duara ambaye kila sentensi yake ilianza na "katika maono yangu," basi hata wafagizi wa ukumbi walimwita Bwana Maono. Alieleza kwamba katika maono yake *Fundi Saa* haikuwa hadithi ya mapenzi. Wala haikuwa juu ya saa. Wala, kwa kweli, haikuhitaji nyimbo.

"Alaa," alisema msusi.

Taa zikazimwa, zikawashwa. Jukwaani palikuwa na sanduku la chuma lenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, na hakuna kingine. Hapakuwa na duka wala saa hata moja. Waigizaji walivaa ovaroli za kijivu kama watu waliokuja kukata maji. Karani wa posta, yule aliyewafanya wanaume wa wakati ule wajiandikie barua wenyewe ili tu wapate kupanga foleni, sasa alikuwa wanawake watatu waliowapa watazamaji mgongo na kupokezana neno moja moja. Bendi haikuwepo, palikuwa na bwana mmoja na kompyuta yake, iliyotoa mlio wa friji iliyo karibu kufa. Nyimbo ambazo watu walikuja wakizingojea roho mkononi zilisemwa, polepole, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya kikohozi.

Zilipopita dakika ishirini, mzee mmoja wa safu ya nyuma aliinama mbele kwa adabu. "Samahani mama, wameshaanza?"

"Wameanza, baba," alisema Bi Kumbusha.

"Ahaa. Nilidhani wanapima mitambo."

Msusi alimvuta dada yake mkono. "Lile sanduku ni nini?"

"Nadhani ni posta."

"Posta! Barua zinaingilia wapi?"

Kushoto kwao walikaa mume na mke waliochumbiana miaka ile wakitoka kuiona *Fundi Saa*, na leo walikuja kujikumbusha. Mume alikuwa amemshika mkewe mkono tangu mwanzo. Sasa aliuachia, akasema kwa huzuni ya kweli, "Mke wangu, tungeiona hii kwanza, tungeachana kabla ya mapumziko."

Bi Kumbusha hakucheka. Alikuwa anamwangalia mwigizaji mpya wa Fundi Saa, mwanamume mwembamba mwenye shingo ndefu, ambaye kila alipoingia nyuma ya lile sanduku alikuwa anavumisha wimbo puani chini chini, bila kukosea sauti hata moja. Hakuna mwingine aliyemsikia. Lakini sikio lililozoea kusikiliza kwa ubavu halistaafu. Huyu anaweza kuimba, aliwaza. Wamemleta mwimbaji wakamfunga mdomo.

Wakati wa mapumziko, foleni ya chooni ilikuwa na uhai kuliko lolote lililotokea jukwaani. Watu walilaumu, waliomboleza, waliigiza wale wanawake watatu. Ni bwana mmoja tu aliyesimama peke yake kifua mbele, amejifunga skafu ya sufu katika joto lile, akitikisa kichwa kwa kuwahurumia wengine. Alikuwa mhakiki.

"Tatizo lenu mnataka kuipenda," aliwaambia. "Kazi kama hii si ya kupendwa. Ni ya kueleweka."

"Mimi sijaielewa na sijaipenda," alijibu mama mmoja akijipepea kwa karatasi ya ratiba. "Kwa hiyo nimepata zote mbili."

Kengele ilipolia, theluthi ya watu hawakurudi. Ukumbi ulionekana kama kinywa kilichong'oka meno. Nguli alikuwa hajaondoka kitini. Alikuwa kimya mno, na Bi Kumbusha alidhani amekasirika, mpaka alipomsikia anasema, "Lakini ukimya wameuacha. Angalia ratiba."

Ni kweli. Kwenye ratiba, chini ya sehemu ya pili, kulikuwa kumeandikwa: *Ukimya (dakika nne)*. Bwana Maono alifuta muziki wa nyimbo tisa, akamgawa karani mara tatu, akafuta harusi, lakini kitu kile kimoja alichokisoma kwenye magazeti ya zamani alikitunza na kukinenepesha.

Wakati ukafika. Mwigizaji mpya alisimama mbele ya sanduku, akasema ubeti wa kwanza:

*Nazijua saa zote za mji,
zinazowahi na zinazochelewa…*

Akasema wa pili. Kisha akanyamaza, macho mbele, mikono ubavuni.

Nusu dakika ya kwanza watu walivumilia, maana kila mmoja alikuwa amesikia habari za ukimya na hakutaka kuonekana mshamba. Dakika moja ilipotimia, mtu alikohoa. Wengine wakagundua kwamba hata wao wana makohozi, na ukumbi ukageuka wodi. Kiti kililia kwiii. Tumbo la mtu likanguruma tangu juu hadi chini, ngurumo ndefu yenye mafungu na kituo, na watu wakaanza kutikisika mabega.

"Amesahau maskini," alisema yule mzee wa nyuma, kwa sauti ambayo yeye aliiona ni ya chini.

"Msaidieni jamani!" ilisikika kutoka roshani. Mwanamke mmoja akajitolea, akaimba kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo: "*Nikiulizwa ni saa ngapi, nitasema: mimi sina saa!*"

"Siyo hivyo!" alipinga yule mume wa kushoto, amesimama. "Ni *nitasema: saa imekufa!*"

"Saa imekufa wapi! Mimi nilikuwepo siku ya kwanza!"

"Hata mimi nilikuwepo!"

Ikawa vurugu. Roshani iliimba sina saa, walio chini wakaimba saa imekufa, na kikundi kidogo karibu na mlango kikawa na maneno ya tatu yaliyotoka kwenye tangazo la sabuni. Bi Kumbusha alisikiliza akiwa ameuma midomo. Hakuna hata mmoja aliyepatia. Miaka thelathini na moja walikuwa wakiulilia wimbo wasioujua.

"Nguli yupo hapa!" alipaza msusi, kidole kimeelekezwa. "Muulizeni mwenyewe!"

"Nguli! Nguli! Nguli!"

Nguli akainuka. Aliweka bakora kando, akageukia watu, akatanua mikono kama zamani, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Akakaa hivyo hivyo, mdomo wazi.

Ukumbi ulizizima. Halafu mtu akanong'ona, "Ndio huo. Huo ndio ukimya wenyewe." Makofi yakalipuka. Mhakiki mwenye skafu alisimama, machozi yakimlengalenga. Mama wa ratiba alijishika kifua.

Ni Bi Kumbusha peke yake aliyeyaona macho ya Nguli yakimshukia kutoka juu, na macho yale aliyajua. Yalikuwa ya mtu anayezama.

Hakufikiri. Aliinamisha kichwa kidogo, akamtupia maneno kwa ule mnong'ono wake uliokwenda pale tu ulikotumwa: "*Nikiulizwa ni saa ngapi, nitasema: saa ya wewe kuja.*"

Nguli akaimba. Sauti ilikuwa imepasuka kama chungu cha zamani, lakini ilisimama. Mstari wa pili haujaisha, sauti nyingine ikaingia chini yake, safi, isiyo na kutu: mwigizaji mpya alikuwa ameziacha zile dakika nne za watu, amesogea ukingoni mwa jukwaa, anaimba. Watu wakatulia. Kwa muda wa ubeti mmoja, mara pekee alasiri yote ile, walisikia *Fundi Saa*.

Kisha bwana wa kompyuta, asijue la kufanya, akawasha friji yake, na mchezo ukaendelea mpaka mwisho bila yeyote kuusikiliza.

Baada ya onyesho palikuwa na mazungumzo na watazamaji. Bwana Maono alikaa kitini jukwaani, amenuna mpaka miwani imepanda. Mhakiki ndiye aliyeanza. Alimwomba Nguli aeleze ukimya wa leo ulitoka wapi.

"Ule wa kwanza nilifunga siku tatu kuutafuta," alisema Nguli, sasa amerudiwa na rangi. "Leo umenijia wenyewe. Ukimya unamjua mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Bwana Maono akadaka hapo hapo. "Mmeona tofauti? Katika maono yangu ukimya ulikuwa sahihi. Lakini huyu," akamnyooshea kidole mwigizaji mpya mbele ya watu wote, "hakuwa na kitu ndani. Ukimya unahitaji mtu mwenye kitu ndani. Ndiyo maana mlichoka. Ni kosa lake."

Mwigizaji mpya aliangalia viatu vyake. Bi Kumbusha akahisi kitu kinampanda kifuani, kitu ambacho mkumbushaji hatakiwi kuwa nacho wakati wa kazi. Waliposema basi mgeni wetu mwingine wa heshima naye aseme maneno mawili, alikuwa ameshaishika maikrofoni.

"Mimi nilikuwa nyuma ya pazia," alisema. "Kile mnachokiita ukimya, alikuwa amesahau maneno. Na mimi sikumpa haraka kwa sababu nilimwaga chai kwenye kitabu, kurasa zikagandana. Ni hivyo tu. Hata leo amesahau, na nimemkumbusha. Huyu bwana mdogo hajakosa kitu. Mlimpa dakika nne za kusahau jambo analolijua. Angefanyaje?"

Palitokea ukimya, huu sasa wa kweli. Kisha kicheko kikaanzia roshani, kikateremka, kikaujaza ukumbi.

Mhakiki hakucheka. Alisimama na kukaza skafu. "Kwa heshima zote, mama, wewe ulikuwa ndani ya tukio. Huwezi kujua maana yake."

"Alikuwa ndani ya chai, ndugu yangu," alisema msusi.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa tena. Nguli peke yake aliinuka, akapita katikati yao wima kama mshale, asimwangalie mtu, akatoka. Bakora ilibaki kitini. Bi Kumbusha aliona mgongo wa ile suti nyeupe ukipotea mlangoni, na utamu wote wa yale maneno yake ukamwisha mdomoni.

Gazeti la Jumatatu lilibeba mahojiano na Bwana Maono, aliyesema kwamba kuimba kwa watazamaji kulikuwa sehemu ya maono yake tangu mwanzo. Wiki iliyofuata watu wakajaa, maana nani asiyetaka kulipa kiingilio akapige kelele? Waliimba tangu taa zilipozimwa, wakimkatiza kila mtu, wengine wakija na vijiko na mabeseni. Wiki ya tatu hata wao walichoka, na onyesho likafungwa "kwa sababu za kiufundi." Hilo angalau lilikuwa kweli: sanduku la chuma lilichomelewa mle mle ndani, na halikuweza kupita mlango wowote. Sherehe za mahafali zilizofanyika ukumbini humo mwaka ule, wahitimu walipita wakilizunguka.

Nguli alinyamaza siku kumi na sita. Siku ya kumi na saba alibisha hodi, amevaa shati la kawaida, akaketi sebuleni bila kukaribishwa mara mbili.

"Kwa hiyo ilikuwa chai," alisema.

"Ilikuwa chai, kaka. Nisamehe kwa kukusema mbele za watu."

"Sikuja kwa hilo." Akapangusa uso. "Siku ile ya ukimya wa kwanza, kabla hatujaanza, nilikutuma ukanifutie viatu. Nilikurushia mbele ya wenzako. Unakumbuka?"

Bi Kumbusha alikumbuka. Kiatu cha kushoto kilimgonga goti.

"Miaka yote hii nilijua umenikomoa," alisema Nguli. "Nilipogeuka nikakuta umeinama unachezea kitabu, nikasema: leo ameamua kuniacha nife mbele ya watu. Na sikuweza kulalamika, maana nilistahili. Gazeti lilipoandika yale liliyoandika, nikashika hapo hapo. Ningesema nini? Kwamba nimeadhibiwa na mwanamke niliyemrushia viatu? Mara mia mbili na tatu nikawa nanyamaza pale, na kila mara nilikuwa naogopa kwamba leo hutaniambia."

"Hasira nilikuwa nayo," alisema Bi Kumbusha. "Nisikudanganye. Lakini vidole vilikuwa vinatafuta."

"Lo," alisema Nguli taratibu.

Chini saluni msusi alikuwa anamsimulia mtu mkasa wa ukumbini, na kwa jinsi alivyousimulia, yeye ndiye aliyeshika maikrofoni.

"Nina warsha Jumamosi," alisema Nguli. "Watu kumi na wanane wamejiandikisha kujifunza kunyamaza. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie wajifunze maneno yao."

Nguli alifikiri. "Hiyo ni dakika tano. Nina siku mbili."

Basi Jumamosi Bi Kumbusha akaenda naye. Akakuta watu kumi na wanane wamekaa na madaftari, na mstari wa mbele, shingo ndefu ikiwapita wote, yule mwigizaji mpya. Hakuna aliyewaambia lolote juu ya sanaa. Nguli aliimba alipokumbuka na kuuliza aliposahau, bila haya, na Bi Kumbusha aliketi mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, akawasahihisha ubeti kwa ubeti, sina saa akaitoa, saa imekufa akaitoa, ya sabuni akaifukuza kabisa. Ilipofika adhuhuri walikuwa wamemaliza wimbo wa tatu, na mwigizaji mpya alikuwa hajakosea neno.